Jirani wa Kamiti

Ukisimama Juja upande wa mashamba, asubuhi isiyo na ukungu, mlima Kilimambogo (Ol Donyo Sabuk) unauona bila kukaza macho. Ubavuni mwa mlima huo amezikwa William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyemiliki maelfu ya ekari za eneo hili enzi za walowezi na kuifanya Juja makao yake. Alifia Ufaransa mwaka 1925, lakini akaletwa kuzikwa mahali alipopapenda. Mkewe yupo hapohapo, na mtumishi wao pia. Makaburi yana alama na njia ya kuyafikia, na mgeni anayelipa kiingilio cha hifadhi ya Ol Donyo Sabuk huonyeshwa bila kuuliza.

Sasa geuka utazame upande wa Nairobi. Ukipita Ruiru, ukaacha barabara kuu ya Thika na kushika njia ya Kahawa West, utafika Gereza Kuu la Kamiti. Humo ndani, tarehe 18 Februari 1957, serikali ya kikoloni ilimnyonga Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, na kumzika humohumo. Sehemu gani hasa, mkewe hakuonyeshwa. Watoto wake hawakuonyeshwa. Marais watano wa Kenya huru wamepokezana madaraka na bado familia haina mahali pa kuweka ua.

Sisi wa Juja, Ruiru na Thika tunaishi kati ya makaburi haya, lile linaloonekana na lile lisiloonekana, na tumezoea. Tunapita Kamiti tukienda sokoni. Kondakta huita jina lake kama anavyoita kituo kingine chochote. Kuzoea huku ndiko kumenisumbua miaka hii miwili, tangu vijana wa mtaani kwetu walipoanza kurudishwa kutoka mochari na majirani wakawa hawajui waseme nini.

Nianze na Mukami, mke wa Kimathi, na nyakati alizofiwa. Kenya haijawahi kuwa na serikali ya wanajeshi kama ya jirani zetu Waganda. Lakini waulize wazee wa Kiambu waliokuwa hai baada ya Hali ya Hatari kutangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Watakwambia habari za wanajeshi wa Uingereza, za kafyu, za kipande, za kuhamishiwa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na kulindwa na homugadi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa katika miaka michache tu, na familia zao hazikukabidhiwa miili. Kwa mama aliyekuwa akingojea habari za mumewe, sijui kama angetofautisha utawala ule na wa kijeshi.

Mukami Kimathi alibaki mjane na watoto wadogo. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini marufuku dhidi ya Mau Mau haikuondolewa mpaka 2003. Kwa miaka 40 ya uhuru, sheria ya mkoloni ndiyo iliyoamua jinsi mashujaa wa uhuru huo wangekumbukwa. Nelson Mandela alipokuja Kenya Julai 1990, miezi michache tu tangu atoke gerezani, alimsifu Kimathi mbele ya umati uliojaa uwanja wa Kasarani, na wenyeji wake wakabaki na aibu, kwa sababu mgeni ndiye aliyetaja jina wao wasilopenda kulitaja. Februari 2007 sanamu ilizinduliwa katika barabara ya Kimathi jijini, miaka 50 kamili tangu anyongwe. Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa karibu pauni milioni 20 kwa Wakenya 5,228 waliothibitisha kuteswa, na waziri wake wa mambo ya nje akasema wanajuta kwa dhati.

Mambo hayo yote yalipatikana. Sanamu ikapatikana, pesa zikapatikana, majina ya barabara na chuo kikuu yakapatikana. Ombi la Mukami lilikuwa moja, na alilirudia kwa kila kiongozi aliyekubali kumsikiliza: nipeni mume wangu nimzike. Alifariki tarehe 4 Mei 2023, akazikwa Njabini, na viongozi wakubwa wa nchi wakaja kutoa hotuba. Alikwenda bila kujibiwa.

Ninachojifunza kwake ni ukaidi wake wa kutokubali badala. Ukimpa mtu kitu kizuri ambacho hakukiomba, watazamaji huona ameshapewa, na akiendelea kuomba huonekana mlalamishi. Mukami alipokea sanamu kwa heshima, akashukuru, kisha akauliza tena kaburi liko wapi. Sisi wengine tungenyamaza siku ya sanamu.

Humohumo Kamiti, Julai 1985, waliohukumiwa kwa jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, akiwemo Hezekiah Ochuka, walinyongwa na kuzikwa gerezani. Najua hapa wasomaji wengine watakunja uso. Asubuhi ile iliwaua raia wasio na hatia Nairobi, maduka yakaporwa, wanawake wakanajisiwa, na mimi simwiti Ochuka shujaa. Hata hivyo, mama aliyemzaa hakupanga mapinduzi. Kumnyima mzazi kaburi la mwanawe ni adhabu ambayo hakuna mahakama iliyoitamka, na anayeitumikia hakushtakiwa kwa lolote.

Uganda tuliijua kupitia walimu wake. Mamangu alisoma sekondari Thika miaka ya sabini, wakati shule nyingi za Kenya zilikuwa na walimu Waganda waliokimbia serikali ya Idi Amin, mwanajeshi aliyetwaa nchi kwa bunduki Januari 1971. Aliyemfundisha mama hesabu alikuwa mtu wa tai na chaki, mpole, asiyekosa kipindi. Wanafunzi walijua tu kwamba alikuwa na kaka aliyebaki Kampala. Hawakujua kwamba kaka huyo alikwisha kuchukuliwa kazini na watu waliovaa miwani nyeusi, akatiwa kwenye buti ya gari, na kwamba mwalimu hakuwa amemlilia. Angemliliaje? Habari za matanga zingefika Kampala, na huko walikuwako mama yake na dada zake. Kulia kungekuwa sawa na kuituhumu serikali.

Aprili 1979 Kampala ilipoangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni, mwalimu aliomba ruhusa ya siku chache. Hakusafiri. Alikaa kwenye nyumba yake ya kupanga, akawaambia walimu wenzake na majirani kwamba amefiwa. Walipomuuliza lini, akataja mwaka wa nyuma sana. Mama anasema wanawake wa mtaa hawakuuliza la pili. Walileta kuni, sufuria na githeri, wakapika chai, wakapanga viti na mabenchi nje, na mchungaji wa pale akaja kusali. Wakamfanyia matanga kamili mtu ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona, ambaye mwili wake haukuwepo, na ambaye jina lake la Kiganda walishindwa kulitamka sawasawa. Usiku wa mwisho mwalimu alisimama akasema kaka yake alikuwa mtu wa namna gani. Alisema muda mrefu. Watu wa Thika walikaa wakamsikiliza.

Mama hunisimulia habari hii akiwa anakata sukuma wiki, bila kuipa uzito wowote. Kwake ni habari ya ujirani tu. Kwangu imekuwa kipimo.

Waganda wenyewe walikuwa wameshafanya jambo kama hilo hadharani, na kwa hatari kubwa zaidi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alikamatwa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba wamekufa katika ajali ya gari. Waliouona mwili wa askofu walisema una matundu ya risasi. Wanajeshi walimpeleka kumzika kwao Mucwini, mbali kaskazini, na mazishi yaliyokusudiwa Kampala yakazuiwa. Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa Namirembe. Waumini wakaenda hivyohivyo, kwa maelfu, wakasimama kando ya kaburi tupu wakaimba. Leo tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyetolewa Mahakama Kuu mchana kweupe tarehe 21 Septemba 1972, hakurudishwa hata kwa jeneza. Idara ya Mahakama ya Uganda sasa humfanyia mhadhara wa kumbukumbu kila mwaka, katika mwezi aliochukuliwa.

Ukiangalia vifo hivi vya kisiasa, utaona kwamba mauaji huwa hayaishi risasi inapotoka. Huja maelezo. Luwum, ajali. Mbunge Josiah Mwangi Kariuki alipotoweka Nairobi tarehe 2 Machi 1975, Wakenya waliambiwa yuko Zambia, na gazeti likaandika hivyo, wakati mwili wake ulikuwa mochari ya City kama mtu asiyejulikana, baada ya kuokotwa Ngong. Ni wake zake waliokwenda kuufungua uongo huo kwa macho yao wenyewe, zaidi ya wiki moja baadaye. Waziri Robert Ouko alipopatikana karibu na kilima cha Got Alila Februari 1990, mwili umeungua na umepigwa risasi, zikaenezwa habari kwamba amejiua. Mpelelezi wa Scotland Yard, John Troon, alisema ameuawa. Familia ya aliyeuawa namna hii huanza msiba kwa kazi mbili: kumzika mtu wao, na kuyaondoa juu ya jeneza maneno ya watu wengine. Kazi ya pili ndiyo huchukua miaka, na ndiyo jirani anayoweza kusaidia, au kuiharibu.

Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliandamana nchi nzima dhidi ya Mswada wa Fedha. Bunge lilivamiwa, jeshi likaitwa kuwasaidia polisi, na usiku risasi zikalia Githurai. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha JKUAT aliyekuwa ametoka kwenda kuandamana hakurudi. Siku kadhaa baadaye mwili wake ulitolewa kwenye maji ya machimbo ya mawe hapa Juja. Machimbo hayo tunayajua sote. Mawe yaliyojenga hosteli zetu yalitoka humo. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu takriban watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka huo.

Wiki zile nilikaa kwenye matanga zaidi ya mara moja, na nilisikia swali lilelile kila mahali, linaulizwa kwa sauti ya huruma: kwani alikuwa anafanya nini huko? Wanaoliuliza si watu wabaya. Ni akina mama wa jumuiya, wazee wa kanisa, mwenye duka aliyetoa sukari ya matanga bure. Wanataka sababu. Nadhani wanaitaka kwa ajili ya nafsi zao, kwa kuwa kama marehemu alifanya kosa, basi mtoto wangu asiyefanya kosa hilo yuko salama. Ni faraja ya bei rahisi na anayeilipia ni mfiwa.

Baba mmoja alilijibu. Alikuwa ameketi chini ya hema la buluu, amechoka kwa kuzunguka siku nne kati ya kituo cha polisi, mochari na ofisi za watetezi wa haki, akitafuta nambari ya kitabu cha matukio (OB), akingoja upasuaji wa maiti, akichangisha ada ya mochari inayoongezeka kila usiku unapopita. Mzee mwenzake alipomuuliza kijana alienda kufanya nini Nairobi, alinyamaza kidogo kisha akasema, “Mzee, hilo nimeulizwa wiki nzima. Hakuna hata mmoja ameniuliza aliyempiga ni nani.” Hakupandisha sauti. Yule mzee alivua kofia akaishika magotini, na mazungumzo yakahamia kwenye gari la kubeba maiti.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza tunavyosema. Mahubiri ya mazishi husema Mungu amempenda zaidi. Programu ya mazishi huandika “alipumzika” au “alituacha ghafla”, na risasi haitajwi popote. Chifu hushauri hotuba ziwe fupi. Mbunge akija hutoa bahasha. Kila mmoja ana nia njema, na kwa nia njema ya wote, mtu aliyeuawa anazikwa kama aliyeugua malaria. Miaka kumi ikipita, mdogo wake atasoma programu ile na hataelewa kwa nini mama yao hulia mwezi wa sita.

Familia zenyewe hufanya kinyume. Niliwaona tarehe 25 Juni 2025, mwaka mmoja baadaye, wamevaa fulana zenye picha za watoto wao, wamebeba maua na bendera kwenda katikati ya jiji, wakati barabara zinazoingia Nairobi zimezungushiwa seng'enge. Siku hiyo ya kuwakumbuka waliouawa, wengine wakauawa. Kisha yakaja maandamano ya Saba Saba, tarehe 7 Julai, na waliouawa wakaongezeka tena. Familia ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa peke yake ilipata wenzake, na huenda kwenye mazishi ya wapya kuwaonyesha karatasi zipi za kudai, daktari gani wa kujitegemea wa kumwomba ashuhudie upasuaji, na nguo gani za marehemu zisifuliwe. Elimu hiyo haifundishwi chuo chochote. Inapitishwa na mfiwa wa zamani kwa mfiwa mpya, kwenye kundi la WhatsApp na chini ya hema.

Kule Argentina, mwaka uleule wa 1977 Luwum alipouawa, akina mama ambao watoto wao walikamatwa na serikali ya kijeshi walianza kuzunguka uwanja wa Plaza de Mayo kila Alhamisi, vichwa vimefungwa vitambaa vyeupe. Walichouliza ni wapi tu. Azucena Villaflor, mmoja wa walioanzisha mzunguko huo, alitekwa Desemba ya mwaka huohuo na hakuonekana tena. Mwaka 2005 wataalamu wa mifupa walimtambua, na majivu yake yakazikwa katika uwanja uleule. Miaka 28. Waliofanya kazi hiyo walikuwa na vifaa, vipimo vya damu vya jamaa na rejista za makaburi yasiyo na majina. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema haiwezekani kumpata mtu aliyezikwa Kamiti kwa kuwa ni zamani, najua anazungumzia utashi wa serikali. Mifupa inaweza kusubiri. Jamaa wa kutoa damu ya kulinganisha ndio hawasubiri.

Kuhusu pesa, nitasema kifupi. Agosti 2025 Rais alitangaza mpango wa kuwafidia waathiriwa wa maandamano, na hapohapo mabishano na kesi zikaanza. Sipingi fidia, ada ya mochari ni deni halisi, na kijana aliyekatwa mguu anahitaji kula. Lakini niliwasikia wazazi wakisema wanaogopa kutia sahihi karatasi ambayo itafunga faili la mtoto kabla ya kujua jina la aliyefyatua. Wana haki ya kuogopa. Mukami alikwisha kutuonyesha jinsi zawadi inavyoweza kugeuzwa jibu la swali ambalo haikulijibu.

Mpaka hapa nimesema mengi juu ya serikali, na yapo ya kusema zaidi, lakini mimi si serikali na huenda wewe msomaji pia si serikali. Sisi ni majirani, na mwezi wa sita utarudi. Tarehe hiyo itakapofika, nenda kwa yule mama wa jirani. Mtaje mwanawe kwa jina. Usimpe nasaha ya kusahau, usimuulize kijana alifuata nini mjini. Keti, unywe chai, umwache aseme mtoto wake alikuwa mtu wa namna gani, hata kama atasema muda mrefu na ulishayasikia. Kama kuna kesi, mwulize itatajwa lini na umsindikize mahakamani, kwa maana anayeketi peke yake kwenye benchi la mahakama huahirishiwa kesi kwa urahisi zaidi kuliko anayeketi na mtaa mzima.

Na kwa wenye funguo za Kamiti na kumbukumbu zake, za Nairobi na za London: waliochimba makaburi yale walikuwa watumishi wa serikali, na serikali huandika. Fungueni rejista. Watoto wa Kimathi walio hai ni wazee sasa.